Nazi Tano Mlangoni kwa Lesieli

Kru, kru, kru.

Wasikilizaji wapendwa, mlio huo mnaujua. Ni nazi inakunwa kwenye mbuzi, alfajiri, kabla hata majogoo hawajakubaliana nani aanze. Hapa Neiafu, mji wetu wa bandari katika visiwa vya Tonga, kwenye kichochoro kilicho nyuma ya kanisa, mlio huo ulitoka kila siku katika nyumba moja ya mbao yenye mlango wa bluu. Jirani yake, Mama Vaisioa, hakuwahi kununua saa.

"Saa ya nini?" aliniambia juzi. "Lesieli akianza kukuna, naamka. Akimaliza, chai yangu imechemka."

Jumanne ya wiki iliyopita Mama Vaisioa alifumbua macho akakuta mwanga umekwisha kuingia chumbani. Hakusikia kitu. Alijua kabla hajavaa kandambili.

Lesieli Taufa ametutoka. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Kwa miaka arobaini na minne alikuwa sauti ya matangazo ya duka la Mzee Sioeli katika redio hii. Wengi wenu mmekua mkimsikia. Jioni ya leo tunamkumbuka Lesieli Taufa.

Tuanzie nyumbani kwao. Lesieli alizaliwa katika nyumba hiyohiyo ya mlango wa bluu. Wazazi walifariki mapema, mama kwanza, kisha baba. Wakabaki wawili: Lesieli na mdogo wake wa kiume, Kelepi. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, Kelepi kumi na saba.

Mnajua tunavyoishi, kaka na dada. Kelepi alilala katika kibanda cha uani, kama wavulana wote. Hakuwahi kuingia chumba cha dada yake. Hawakutaniana. Hawakukaa wakazungumza mambo ya moyoni. Heshima yetu ndivyo ilivyo. Inalinda, na wakati mwingine inanyamazisha.

Lakini kila alfajiri Kelepi alikwenda kwenye kifuo chake, ule mti wenye ncha aliousimika uani, akafua nazi tano. Akaziweka mlangoni kwa dada yake, zimepangwa mstari. Hakubisha hodi. Akaenda zake shambani. Ndani, Lesieli alifungua mlango, akaziokota, akakaa kwenye mbuzi. Kru, kru, kru. Akirudi Kelepi anakuta majani ya magimbi yamepikwa kwa tui, yamefunikwa sahani.

Nazi tano. Kila siku. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Akiwa na miaka ishirini na minne Lesieli alipata kazi katika duka la Mzee Sioeli, pale chini karibu na gati. Mzee Sioeli alikuwa ameanza kulipia tangazo redioni, kila jioni baada ya habari. Alimpa Lesieli karatasi aje aisome hapa studio. Ilisema hivi: Duka la Sioeli lina unga, sukari, sabuni, misumari na vioo vya taa. Karibuni nyote.

Lesieli aliisoma mara mbili. Akasema, "Mzee, tangazo hili halina mtu ndani yake."

"Mtu wa nini?" akasema Mzee Sioeli. "Mimi nauza misumari, siuzi watu!"

"Niachie siku moja tu."

"Siku moja. Wakicheka, unarudi kupima sukari."

Jioni ile Lesieli alikaa mbele ya kipaza sauti akasema, polepole, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua: "Kuna mtoto kisiwani kwetu anajifunza nyimbo za Jumapili. Kioo cha taa yao kimepasuka. Bibi yake ameziba ufa kwa karatasi. Basi ukurasa mmoja wa kitabu una mwanga, ukurasa wa pili hauna. Mtoto huyo anajua nusu ya kila wimbo. Vioo vya taa viko duka la Sioeli."

Hayo tu. Kesho yake kufikia saa sita mchana hapakuwa na kioo hata kimoja dukani. Bibi watatu tofauti walikuja wakidai kwamba wanaosemwa ni wao. Mmoja alikasirika kweli. "Nani kakwambia habari za karatasi yangu?" Lesieli akamfungia kioo ndani ya gazeti, akamwekea peremende mbili za mjukuu. Ndivyo alivyokuwa.

Baadaye alipowafundisha wengine, hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Usimwambie mtu kwamba ana huzuni. Muonyeshe sahani moja mezani. Atajua mwenyewe."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tunafika mwaka wa 1974. Nitausema mwaka huo bila kuuzungukia, kwa sababu Lesieli mwenyewe hakuuzungukia.

Ililetwa sabuni mpya ya kuogea, yenye harufu ya maua. Lesieli akaandika kisa cha msichana anayeoga na kutia mafuta ya nazi kwenye nywele, na kijana anayepita njiani akanusa harufu ile, akarudi, akapita tena, na mara ya tatu akasimama akamwambia neno sikioni. Neno lenyewe alilisema kwa kunong'ona, kwenye kipaza sauti. Kabla ya hapo alikuwa amelijaribu tangazo dukani. Walikuwa wanawake wanane. Wote walicheka, wakajishika mashavu, wakasema, "Shoga, hilo litauza!"

Wanawake wanane, na hakukuwa na kaka wa yeyote pale ndani. Hilo ndilo lililompita. Dukani wanawake husikiliza peke yao. Redio haiko hivyo. Saa kumi na mbili jioni, baada ya habari, redio iko moja kwa ukoo mzima, na mkekani wamekaa kaka na dada, binamu wa kiume na wa kike, wote chumba kimoja. Na maneno ya mapenzi, mbele ya kaka na dada, hayasemwi.

Sisi huku studio hatukujua kitu. Mimi nilikuwa msichana bado, nimekaa kando yake nikisubiri zamu yangu. Lesieli alimaliza kunong'ona, nami nikasoma ratiba ya meli: kesho itaondoka saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne. Nilisoma vizuri, nikarudia mara mbili. Hakuna aliyenisikia. Kisiwa kizima redio zilikuwa zimezimwa. Wanaume walikuwa wamesimama na kutoka nje kama nyumba zinawaka. Kesho yake meli iliondoka na abiria saba na nguruwe mmoja, na saa nne watu wakajaa gatini na mizigo yao, wakitukana.

Tulicheka baadaye, sisi wengine. Lesieli hakucheka. Jioni ile Kelepi alikuwa nyumbani kwa mjomba wao pamoja na ukoo mzima, wakiandaa karamu ya kanisa. Sauti iliyonong'ona mbele ya watu arobaini ilikuwa sauti ya dada yake.

Kelepi alisimama, akatoka. Lakini vijana wenzake hawakunyamaza. Kwenye duara la wanywaji wa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, usiku ule, na uliofuata, na uliofuata, walimwandama.

"Kelepi, umeshaoga leo?"

"Mwacheni jamani, anasubiri anong'onezwe!"

Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi Lesieli alifungua mlango akakuta nazi mlangoni. Hazikuwa tano. Zilikuwa lundo kubwa kufikia magotini, zote zimefuliwa. Alikuwa amefanya kazi tangu usiku wa manane. Kibanda cha uani kilikuwa kitupu. Kelepi alikuwa amepanda meli, kisha ndege, akaenda Auckland, New Zealand, kwa watu wa upande wa mama yao.

Siku hiyohiyo Mzee Sioeli alikuja mbio hadi nyumbani. "Lesieli! Katoni zote za sabuni zimekwisha! Hata za akiba!" Akamkuta amekaa kizingitini katikati ya nazi, analia. Mzee yule alikuwa mtu wa kelele, lakini alikaa chini pale udongoni na suruali yake safi, akakaa naye mpaka jua likawa kali, bila kusema neno tena kuhusu sabuni.

Kelepi hakurudi mwaka ule. Hakurudi mwaka uliofuata. Miaka arobaini na miwili hakurudi.

Lesieli alijaribu kuandika barua. Mwanamke aliyewaliza watu kwa kioo cha taa! Aliandika "Kelepi," akaweka mkato, akakaa. Aliona kwamba alikwisha kusema mengi mno kwa kinywa chake, na kila neno aliloliongeza lilionekana kama kurudia kosa. Mama Vaisioa alizikuta karatasi hizo kwenye sanduku wiki hii. Ni kumi na saba. Kila moja ina jina moja na mkato.

Alichofanya ni hiki. Alikata ubavu wa katoni ya sabuni, akaandika kwa wino, akaupigilia msumari ukutani hapa studio, juu ya kipaza sauti. Bado upo. Unasema: "Je, kaka na dada wataweza kulisikiliza hili chumba kimoja?" Tangu siku hiyo kila tangazo lake lilipitia hapo. Wafanyabiashara wakaja kutoka visiwa vingine kumuomba awaandikie.

Nakumbuka bwana mmoja wa kampuni ya simu, kutoka mji mkuu, kavaa tai katika joto lile. Alileta karatasi imejaa maneno: huduma bora, za kisasa, kwa wateja wetu wa thamani.

Lesieli akamuuliza, "Hawa wateja wa thamani wanaitwa nani?"

"Ni wote, mama."

"Wote hawapigi simu, baba. Simu hupigwa na mtu mmoja. Nitajie mmoja."

Yule bwana akalegeza tai. Mwisho akasema kwamba mama yake, kule kijijini, hutoka kanisani Jumapili, akakaa kibarazani na simu mapajani mpaka magharibi.

"Haya, hilo ndilo tangazo lako," Lesieli akamwambia. "Liandike. Lakini nenda kwanza ukampigie."

Akampa na keki za kukaanga kwenye mfuko wa karatasi, ale njiani.

Kisha alirudi nyumba ya mlango wa bluu, peke yake. Hakuolewa. Aliposwa mara mbili, akakataa mara mbili. Sahani moja mezani. Nazi alizifua mwenyewe, kwenye kifuo cha kaka yake. Na humo ndimo lilimotoka tangazo ambalo mpaka leo watu hunisimamisha sokoni wakaniuliza. Mnalikumbuka:

"Kuna mwanamke anafua nazi zake mwenyewe. Kifuo kilisimikwa na mtu mrefu kuliko yeye, kwa hiyo inambidi apande juu ya jiwe. Jiwe likilowa linateleza. Watu wanamwambia, kata kifuo kiwe kifupi. Hataki. Duka la Sioeli limeleta viatu vya mpira visivyoteleza."

Watu waliangua kicheko. Walimwita Bibi wa Kifuo mwaka mzima. Viatu vikauzika. Hakuna aliyemuuliza kifuo ni cha nani.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na jambo lake la kimyakimya. Mama Vaisioa alikuwa na redio ya kaseti. Kila jioni, baada ya habari, alibonyeza kitufe. Kaseti ikijaa aliitia kwenye bahasha akampa mtu anayesafiri kwenda Auckland, ambako Kelepi alikuwa ameoa. "Mpelekee mke wa Kelepi." Alifanya hivyo mpaka kaseti zikaisha duniani, kisha akajifunza kurekodi kwa simu. Hakumwambia Lesieli hata siku moja.

Nilimuuliza kwa nini. "Ningemwambia," akasema, "angeanza kutunga. Vile hakujua, alikuwa anasema kweli tu."

Binti wa Kelepi anaitwa Talahiva. Yuko hapa nasi leo, amejifunga kiunoni mkeka wa maombolezo, kama ada yetu, mkubwa kuliko yeye. Kwa desturi yetu, shangazi ndiye ambaye angempa jina. Haikuwa hivyo. Anatuambia:

"Sherehe yangu ya kutimiza mwaka mmoja, baba alitandika mkeka wa shangazi mbele kabisa, mahali pake pa heshima. Akauacha mtupu. Mtu yeyote akitaka kukaa pale, baba anamuondoa. Nina picha. Watu wamebanana pembeni, na katikati pale hakuna mtu."

Na kuhusu zile kaseti anasema hivi: "Baba alisikiliza ndani ya gari, limeegeshwa nje ya nyumba. Vioo vimepandishwa. Sisi watoto tulidhani anasikiliza habari. Tulikuwa tunasema, habari gani hizo za kumliza mtu?"

Kumbe Lesieli alikuwa akisema na hajui kama anasikiwa. Kelepi alikuwa akisikia na hajui la kusema. Bahari yote ile katikati, na gari lililozimwa.

Mwaka jana, mwezi wa tano, kifua kilimshika Lesieli. Sauti ikakatika. Tangazo lake la mwisho lilihusu uzi mweusi wa kushonea, alilimaliza kwa shida, akatoka hapa ameshikilia ukuta. Binti wa Mzee Sioeli, aliyerithi duka, akaweka kijana asome orodha ya bei. Mama Vaisioa hakuwa na cha kurekodi. Wiki zikapita. Kule Auckland, gari likawa kimya.

Mwezi wa nane, alfajiri, Lesieli alikuwa kitandani macho, hajaanza kukuna. Akasikia kitu uani. Tok. Kisha kumbi linachanika, kraa. Tok. Kraa. Kuna mtu anafua nazi.

Mama Vaisioa aliona kila kitu kupitia dirisha lake, na hakuona haya kuchungulia. Anasema Lesieli hakukimbilia mlangoni. Taa ilikaa muda mrefu mahali pamoja. Kisha akasikia kru, kru, kru, ndani, wakati kule nje bado inasikika tok, kraa. "Wote wawili pamoja," anasema. "Nilikaa pale dirishani nikashindwa kuwasha jiko."

Lesieli alipofungua mlango palikuwa na nazi tano, zimepangwa mstari. Pembeni yake kulikuwa na viatu vya mpira visivyoteleza, jozi moja, vipya. Vilikuwa vikubwa kwa miguu yake. Kelepi hakuwahi kujua kipimo cha mguu wa dada yake, angekijulia wapi?

Hapo ndipo Lesieli alipojua kwamba alikuwa akisikiwa.

Kelepi alikaa siku tisa, katika kibanda cha uani, mzee wa miaka sitini na sita. Hawakuzungumza yaliyopita. Lesieli alipika, sahani ikapelekwa na Mama Vaisioa. Waliongea juu ya mvua, juu ya paa, juu ya nguruwe wa jirani. Lesieli alivaa vile viatu kila mahali, ametia vitambaa mbele, akitembea kama bata. Kelepi hakukata kifuo. Jiwe aliliondoa tu, akaweka kubwa zaidi, bapa, kavu.

Akaenda. Miezi saba baadaye, Lesieli naye akaenda.

Kelepi alifika Alhamisi na binti yake. Ijumaa, siku ya mazishi, sote tulikuwa tumekesha pale. Alfajiri tukasikia kifuo uani. Nazi tano zikawekwa kwenye mlango wa bluu. Mamia ya watu tulikuwa pale, na hakuna aliyekohoa. Tulikuwa tunasubiri ule mlio wa pili. Haukuja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii nampa pole Kelepi Taufa. Nampa pole Talahiva, na ndugu zake walioko Auckland. Pole kwa nyumba ya Mzee Sioeli. Pole kwa Mama Vaisioa, ambaye sasa anaamka akiwa amechelewa. Bwana awafariji.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Lesieli alijua kumfanya mgeni asimame dukani na machozi kwa sababu ya kioo cha taa. Ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa upole, hakumdanganya mtu. Lakini mtu wake mmoja alimzungukia kwa visa vya viatu na vya uzi miaka arobaini na miwili. Huenda yuko mtu unayemzungukia wewe. Huna haja ya kisa kizuri. Fikiri hilo leo kabla hujazima redio.

Talahiva ameniomba nimalize na asubuhi ya uwanja wa ndege, mwezi wa nane, kama baba yake alivyomsimulia. Kelepi alikuwa amevaa mkeka wake kiunoni kwa heshima. Dada yake alisimama hatua kadhaa mbali naye, kama inavyotakiwa, na vile viatu vikubwa. Watu walikuwa wengi. Kelepi aliinama, akachukua begi, akaanza kutembea. Lesieli hakuwa na sauti, mnakumbuka. Ilibaki mkwaruzo tu. Lakini aliita, na watu wakageuka. Hakusema kuna mwanamke. Hakusema kuna kaka mmoja kisiwani kwetu.

"Kelepi," alisema. "Nakaa peke yangu. Njoo tena."